Sinigang: jinsi ya kupika mchuzi mchachu wa Ufilipino

Mfilipino aliye mbali na kwao akiulizwa ni chakula gani kinamrudisha utotoni, mara nyingi atataja sinigang. Ni mchuzi mwepesi wa nyama au samaki, wenye mboga nyingi na uchachu unaokunja uso. Huliwa na wali mweupe, na kwao hutamaniwa zaidi msimu wa mvua, takriban Juni hadi Oktoba, upepo wa kusini-magharibi unapoleta mawingu juu ya visiwa. Mtoto huujua mapema sana: anamwagiwa mchuzi juu ya wali, anapondewa kipande cha gimbi humo humo, na ladha hiyo inakua naye.

Mimi niliujulia Muscat, Oman, katika jiko nililotumia pamoja na wanawake wa Kifilipino wa majimbo mbalimbali, wengine wauguzi, wengine wafanyakazi wa majumbani. Wa Laguna alipika kwa ukwaju. Wa Iloilo alikula akashukuru, kisha akasema kwao haipikwi hivyo. Wa Pampanga akawaambia wote wawili kuwa hawajaonja sinigang mpaka waonje ya mapera. Nyama hakuna aliyeigusa katika mabishano yale, wala mboga. Kilichobishaniwa ni uchachu unatoka kwenye tunda gani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo. Ukitaka kumpikia mtu sinigang ya utotoni mwake, tunda la kuchachushia ndilo uamuzi wa kwanza. Nyama waweza kuibadilisha, mboga zikafuata msimu, na bado ataitambua. Ukikosea tunda, utakuwa umempikia chakula kizuri cha nyumba ya jirani.

Muulize kwao ni wapi

Katika majimbo ya Watagalogi, yanayoizunguka Manila, tunda kuu ni ukwaju, tena ukwaju mbichi: ganda bado la kijani au la hudhurungi hafifu, nyama ya ndani ngumu na nyeupe-nyeupe. Mkwaju ni mti wa Afrika uliofika Asia zamani sana, na kule umekuwa wa nyumbani kiasi kwamba hata majani yake machanga hupikwa. Kuna mchuzi wa kuku wa tangawizi unaochachushwa kwa majani hayo, uitwao sinampalukang manok, na ukiwa na mkwaju karibu unastahili kuujaribu.

Watagalogi hao hao hutumia pia kamias, ambayo mtu wa Unguja, Tanga au Mombasa akiiona ataiita mbirimbi bila kusita. Huu mti ulisafiri upande wa pili: asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, nasi tuliupokea. Mbirimbi una uchachu mkali, safi, usio na utamu, na hupendeza zaidi na samaki na kamba kuliko nyama nzito.

Iloilo na Negros, katika Visayas, visiwa vya katikati mwa nchi, tunda ni batuan, dogo, la mviringo, la jamii moja na mangostini. Sijaona kinachoweza kushika nafasi yake kikamilifu. Wakilikosa, wenyewe hukimbilia ukwaju na kunung'unika. Lakini huko kuna mchuzi mmoja ambao mpishi wa Kiswahili ataupenda akisikia tu viungo vyake: mbaazi, nyama ya nguruwe na fenesi bichi katika chungu kimoja, vikachachushwa kwa batuan. Wanauita KBL kwa herufi za kwanza: kadyos ni mbaazi, baboy ni nguruwe, langka ni fenesi.

Pampanga wana ya mapera mabivu, ambayo wao huiita bulanglang. Uchachu wake ni mpole, una utamu kidogo, na harufu yake inajaza nyumba nzima. Mapera, kama nyanya tutakazotia hapa chini, yalitoka Amerika, na merikebu za Kihispania zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Acapulco, Mexico, na Manila kuanzia 1565 hadi 1815 ndizo zilizofungua njia ya vyakula vingi vya namna hiyo. Kuna pia wanaotumia embe mbichi, na wanaomalizia kwa ndimu ndogo ziitwazo kalamansi.

Na kuna jibu moja ambalo usilidharau: pakiti. Wafilipino wengi, hasa waliokulia mjini, wamelelewa na unga wa ukwaju wa dukani, na kwao ladha ya utotoni ni hiyo hasa. Ukitumia pakiti, kumbuka unga ule una chumvi nyingi tayari, hivyo chumvi yako itie mwisho kabisa, baada ya kuonja. Mimi napendelea tunda, na nitaeleza njia ya tunda, kwa kuwa pwani yetu ina karibu matunda haya yote, ukiacha batuan, na ni hasara kuyaacha yaoze chini ya miti tukanunua unga.

Nitakayoieleza kwa kirefu ni sinigang ya mbavu za ng'ombe na ukwaju. Ufilipino nyama inayotumika zaidi ni ya nguruwe, mbavu au tumbo, lakini ya ng'ombe ni ya asili vile vile, na ndiyo iliyopikwa zaidi katika jiko la Muscat. Mwisho nitagusa samaki, kamba na nguruwe.

Vya kununua, kwa watu sita

- Mbavu za ng'ombe zenye mifupa, kilo 1 na robo. Zikikosekana, nyama ya mguu yenye mfupa wa uboho.
- Ukwaju mbivu, gramu 100 baada ya kumenya ganda, pamoja na kokwa zake. Au ukwaju mbichi, gramu 250.
- Kitunguu maji kikubwa 1.
- Nyanya 4 zilizoiva lakini bado imara.
- Magimbi madogo, gramu 400. Kenya ni nduma.
- Figili nyeupe 1, ule mzizi mrefu.
- Maganda machanga ya kunde, kiganja kimoja. Wafilipino hutumia aina yenye maganda marefu kama mkono, ambayo ni kunde hiyo hiyo ya ukoo mmoja. Maganda machanga ya maharage yanafaa pia.
- Bilinganya 1 ndefu.
- Bamia 8, ndogo.
- Pilipili ndefu za kijani 3, zisizo kali sana.
- Matembele, fungu kubwa 1.
- Mchuzi wa samaki wa chupa (patis), vijiko vya mezani 2 hadi 3.
- Chumvi.
- Maji ya kuoshea mchele, lita 1.

Maneno machache juu ya vile ambavyo huenda vikakutatiza.

Mchuzi wa samaki, wenyewe huuita patis, ni maji ya rangi ya kaharabu yanayochujwa kutoka kwa samaki wadogo waliovundikwa na chumvi kwa miezi mingi. Maduka ya Waasia katika nchi za Ghuba yanao, na Nairobi na Dar es Salaam hupatikana kwenye maduka makubwa. Wa Thailand au Vietnam unafanya kazi ile ile. Harufu yake chupani ni kali. Isikutishe, ikiingia kwenye sufuria inageuka kuwa kina cha ladha. Ukikosa, tumia chumvi, na uchemshe dagaa wachache walioondolewa vichwa pamoja na mifupa. Sosi ya soya usiitie. Italeta rangi nyeusi na ladha ya mapishi mengine kabisa.

Mboga yao ya majani ni kangkong, inayoota kwenye maji, na ni ndugu wa karibu wa kiazi kitamu. Kwa hiyo matembele si kubahatisha: Wafilipino wenyewe huyatumia kangkong ikikosekana. Mchicha unakubalika. Sukuma wiki siishauri, jani lake ni gumu na harufu yake inashindana na ukwaju.

Sufuria nayo ina neno lake. Zamani sinigang ilipikwa katika chungu cha udongo, na kama unacho, kitumie. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi ya ukwaju hula alumini taratibu na kuacha ladha ya chuma. Kama huna sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, chemshia nyama katika alumini, kisha hamishia kwenye chungu kabla ya kutia ukwaju. Kwa vyovyote, mchuzi mchachu usilale kwenye alumini.

Hatua ya kwanza: safisha mifupa

Weka mbavu kwenye sufuria, funika kwa maji baridi, bandika kwenye moto mkali. Maji yakichemka, acha dakika 5. Povu la kijivu litapanda na maji yatachafuka. Yamwage yote, osha vipande kimoja kimoja chini ya bomba, osha na sufuria. Wako wanaoiruka hatua hii na kuengua povu tu, na mchuzi wao unaliwa. Lakini sinigang ni mchuzi mwepesi usiofichwa na nazi wala viungo vya unga, na kila uchafu utaonekana na kusikika ulimini. Mimi siiruki.

Hatua ya pili: chemsha taratibu

Rudisha nyama, tia maji safi lita 2, kitunguu ulichokata vipande vinne, na nyanya 2 zilizopasuliwa. Zikichemka, punguza moto hadi uone mapovu machache tu yakipanda kwa zamu. Funika nusu. Mbavu za ng'ombe zitachukua saa 2 hadi 2 na nusu kwa namna hii. Ukitumia presha kuka, dakika 40 zinatosha, kisha iache ipoe yenyewe ndipo ufungue.

Moto mkubwa hauharakishi chochote hapa. Unatawanya mafuta ndani ya maji mpaka mchuzi unakuwa mweupe na mzito mdomoni, na nyama inakuwa nyuzi kavu. Kwenye jiko la mkaa, ondoa makaa mengine pembeni au funika kwa majivu. Nyama iko tayari pale uma unapoingia bila kusukumwa, ila bado imeshika mfupa. Nyanya na kitunguu zitakuwa zimeyeyuka, na ndivyo inavyotakiwa.

Mafuta yakiwa mengi juu, engua nusu. Usiyatoe yote, kwani uchachu wa ukwaju unahitaji mafuta kidogo ya kupambana nayo.

Hatua ya tatu: toa uchachu kwenye ukwaju

Hii ifanye nyama ikiwa inachemka.

Kwa ukwaju mbivu, menya ganda, vuta nyuzi zile ngumu, loweka kwenye maji ya moto kikombe kimoja na nusu kwa dakika 20. Kamua kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu, kisha chuja kwa chujio la chai. Mtu aliyewahi kutengeneza juisi ya ukwaju ana ufundi wote unaohitajika, isipokuwa hapa hakuna sukari. Bonge la ukwaju la pakiti, lililoshindiliwa bila maganda, linafaa pia. Soma tu nyuma ya pakiti uhakikishe halikutiwa chumvi au sukari.

Kwa ukwaju mbichi, usimenye. Osha, tia mzima-mzima katika sufuria ndogo na upawa mmoja au miwili ya mchuzi wa nyama, chemsha dakika 10 hadi 15 mpaka maganda yapasuke. Ponda kwa mwiko, ongeza mchuzi kidogo, ponda tena, chuja. Utapata rojo la rangi hafifu lenye uchachu unaochoma pembeni mwa ulimi. Huo ndio uchachu wa Laguna. Wa ukwaju mbivu ni wa kahawia, una uzito na utamu kidogo nyuma yake. Ukiwa na mbivu peke yake na unataka kuusogeza upande wa mbichi, mwishoni kamulia ndimu moja baada ya kuepua.

Msimu wa ukwaju mbichi ni mfupi, na wauzaji sokoni hawauleti kwa kuwa wanunuzi hawauulizi. Ongea na mwenye mti. Ukichemshwa na kuchujwa, rojo lake hugandishwa kwenye trei ya barafu na kukaa miezi.

Hatua ya nne: magimbi na maji ya mchele

Menya magimbi yakiwa makavu, nawe mikono ipake mafuta ya kupikia au vaa glavu. Yakiwa na maji yanawasha zaidi. Ndani yake mna fuwele ndogo sana kama sindano zinazochoma ngozi, na hizo hizo hukwaruza koo gimbi likiliwa halijaiva. Kata vipande vya ukubwa wa yai dogo, na viwili au vitatu vikate vidogo zaidi.

Nyama ikilainika, tia magimbi pamoja na maji ya mchele lita 1. Maji ya kwanza ya kuoshea mchele yana vumbi, yamwage. Chukua ya pili, yale meupe kama maziwa, uliyosugulia mchele kwa kiganja. Wanga wake unaupa mchuzi mwili bila kuugeuza uji. Baadhi ya wapishi huyatia tangu mwanzo. Kwa nyama ya ng'ombe inayokaa motoni muda mrefu, wanga hutulia chini na kuungua, kwa hiyo mimi huyatia sasa.

Chemsha dakika 20 hadi 30, hadi kisu kipite katikati ya gimbi kama hakuna kitu. Vile vipande vidogo viponde kwa mgongo wa upawa ukutani mwa sufuria, vikoroge. Mchuzi utaanza kushika kijiko kidogo.

Usikubali kutia ukwaju kabla ya hapa. Asidi hukaza kuta za mboga, na gimbi lililokutana na ukwaju likiwa gumu linaweza kuchemka saa nzima likabaki na kiini kigumu katikati. Wapishi wengi wa mara ya kwanza hulaumu gimbi lenyewe, wakati kosa ni mpangilio.

Hatua ya tano: chachusha kwa awamu tatu

Hapa ndipo sinigang inapopatikana au kupotea, na hakuna kipimo cha kijiko kitakachokusaidia, maana ukwaju wa mti huu si sawa na wa mti ule.

Tia theluthi ya rojo la ukwaju na kijiko 1 cha mchuzi wa samaki. Koroga, acha dakika 2, onja. Tia theluthi ya pili na kijiko kingine. Onja tena, safari hii pamoja na punje chache za wali, kwa sababu wali hula uchachu. Mchuzi unaoonekana umefika ukiuonja peke yake utakuwa mpole ukiwa juu ya wali. Theluthi ya mwisho itie kidogo kidogo mpaka taya zisisimke na mate yajae, kisha simama.

Chumvi na uchachu vinategemeana. Ukihisi mchuzi ni mkali lakini mtupu, umepungukiwa na chumvi, wala usiongeze ukwaju. Ukihisi ni chumvi tupu, ongeza ukwaju. Ukiwa umepitiliza uchachu, ponda gimbi moja zaidi ndani na uongeze maji ya moto kikombe. Sukari wako wanaoitia kwa siri. Mimi naiona inaupeleka mchuzi kwenye upande wa juisi.

Kiwango cha uchachu nacho ni cha nyumbani kwa mtu. Kuna familia zinazotaka wa kutabasamu na zinazotaka wa kufumba macho. Kama mwenye kumbukumbu yupo, mpe kijiko aonje hapo jikoni. Uso wake utajibu kabla ya mdomo.

Hatua ya sita: mboga kwa zamu

Mboga zote ziwe zimekatwa tayari, kwa kuwa kuanzia sasa ni dakika kumi na kitu tu. Uchachu uliokwishaingia utafanya kazi kwa faida yako: mboga zitaiva zikiwa bado zina mkatiko.

Figili, iliyokatwa mshazari kwa unene wa kidole, inatangulia. Dakika 4. Ina ukali unaotoka ikichemka na kuacha utamu.

Zifuate kunde zilizokatwa urefu wa kidole, na bilinganya katika vipande vinene. Bilinganya ikate dakika hiyo hiyo unayoitia, ama iloweke kwenye maji ya chumvi, isije ikawa nyeusi. Dakika 3.

Kisha bamia nzima, zimekatwa kikonyo tu bila kupasuliwa, na pilipili nzima bila kutobolewa. Bamia ikipasuliwa itatoa utelezi na mchuzi utabadilika umbile. Pilipili iliyobaki nzima inatoa harufu ya ubichi bila kuwasha sufuria yote, na anayetaka moto ataipasua mwenyewe kwenye sahani yake. Tia pia nyanya 2 zilizobaki, zimekatwa mapande. Dakika 3.

Mwisho matembele. Tenga mashina laini na majani. Mashina yatie, hesabu dakika moja, kisha tia majani, yasukume chini kwa upawa, zima moto, funika. Baada ya dakika 3 yatakuwa yameiva kwa mvuke. Majani ya kijani hupoteza rangi yake ndani ya asidi na kuwa ya rangi ya zeituni. Kadiri yanavyokaa motoni ndivyo yanavyochakaa. Ukipika kwa ajili ya wageni watakaochelewa, simamia hapa: acha majani nje mpaka uwasikie mlangoni.

Kupakua

Wali uwe mweupe mtupu, usiotiwa nazi wala chumvi nyingi. Nazi itaufunika uchachu, na kazi yako yote itakuwa imepotea. Bakuli kubwa huwekwa katikati, kila mtu na sahani yake ya wali na upawa unazunguka. Watu wazima wengi hula kwa kijiko na uma, kijiko mkono wa kulia, uma ukisukumia. Kwa mkono pia ni sawa kabisa.

Kando weka kibakuli cha kuchovyea: vijiko 3 vya mchuzi wa samaki, pilipili kichaa 2 zilizopondwa, na ndimu kidogo. Nyama hutolewa kwenye mchuzi, ikachovywa hapo, ndipo ikaliwa na wali. Bila kibakuli hiki meza ya sinigang haijatimia. Nimeona mtu akiinuka katikati ya chakula kukitafuta. Samaki mkavu wa kukaanga pembeni ni nyongeza ambayo hakuna atakayeikataa.

Ukitumia samaki, kamba au nguruwe

Samaki wa sinigang anayependwa Ufilipino ni bangus, naye ni mwatiko wetu, yule yule anayefugwa kwenye mabwawa ya maji chumvi Kilifi na Unguja. Kule mji wa Dagupan, mkoani Pangasinan, unasifika kwa samaki huyu. Tumbo lake lina mafuta matamu na ndilo linalogombewa. Tatizo lake ni miiba mingi myembamba iliyojificha ndani ya nyama, na kwa mtoto ni bora umtolee kwanza au umpe sehemu ya tumbo tu. Changu na kolekole wanafaa pia, hasa vichwa.

Kwa samaki, mpangilio unageuka. Hakuna kuchemsha kwa saa nyingi. Anza na maji ya mchele lita 1 na nusu, kitunguu, nyanya 3 na kipande cha tangawizi kilichopondwa ili kukata shombo. Chemsha dakika 10, tia magimbi hadi yalainike, tia uchachu, halafu mboga ngumu. Samaki aingie mboga zikiwa zimebakiza dakika 6 au 7, moto ukiwa mdogo, na usimkoroge. Tikisa sufuria tu. Kwa samaki chagua mbirimbi kama unao: 12 hadi 15, zilizokatwa vipande na kuchemshwa mpaka ziwe laini, kisha ziponde humo humo bila kuchuja.

Kamba nunua wenye vichwa. Vikate vichwa, vichemshe dakika 10 katika maji ya mchele, viponde, chuja, na hapo una mchuzi wa rangi ya chungwa wenye ladha ambayo nyama haiwezi kuitoa. Miili yao inahitaji dakika 3 tu, baada ya bamia. Wakijikunja wakawa duara kamili wamepitiliza. Ya kamba ndiyo sinigang ya haraka kuliko zote, na ndiyo ningemshauri mtu aanzie kama hajawahi kupika.

Ya nguruwe inafuata hatua zile zile za ng'ombe, ila saa moja na robo inatosha kulainisha mbavu au tumbo. Engua mafuta zaidi. Katika nyumba za Kiislamu za Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Ufilipino, ambako nguruwe haliwi, ng'ombe na samaki hushika nafasi hiyo.

Kwa mapera, chukua mabivu yanayonukia, kama 8. Yamenye, yakate, toa mbegu kwa kijiko na uzichuje kwenye mchuzi kidogo wa moto ili usipoteze nyama inayozizunguka. Chemsha vipande pamoja na nyama dakika 15 za mwisho kabla ya mboga, nusu uviponde, nusu viache vizima viliwe. Usitarajie ukali wa ukwaju. Mtu wa Pampanga hautafuti.

Kikibaki

Sinigang ya jana ya nyama ni nzuri kuliko ya leo, kwa kuwa nyama imeunywa ukwaju usiku kucha. Ikipoa, na isizidi saa 2 mezani katika joto letu, toa majani na bamia zilizobaki, uzile au uzitupe, kisha weka nyama, magimbi na mchuzi kwenye chombo cha kioo au plastiki ndani ya friji. Wali usiuchanganye humo. Utavimba na kunywa mchuzi wote. Hukaa siku 3.

Siku ya pili, pasha taratibu hadi uchemke kabisa, onja kwanza, maana uchachu huwa umetulia na chumvi imejitokeza. Mara nyingi kikombe cha maji na kijiko kimoja cha rojo la ukwaju ulilobakiza kinatosha kuurudisha. Kisha tia matembele mapya, funika, na uandae kibakuli cha pilipili upya.